Nukta Isiyo na Mstari

Hapo zamani za juzi, katika nchi ambayo msomaji asijisumbue kuitafuta maana haipo na wala haijawahi kuwapo, alikuwako kiongozi mmoja aliyeitwa Mtukufu. Jina lake jingine lilisahaulika kwa kukosa mtu wa kulitumia. Mtukufu huyo alikuwa hodari wa kuogelea. Kila mtoto wa shule alilijua hilo, kwa sababu siku ya ukombozi alilivuka ziwa zima kwa kuogelea, bendera ameiuma kwa meno, na picha yake akiwa majini ilichapwa kwenye noti, kwenye stempu na kwenye mifuko ya unga wa serikali. Sanamu yake ilisimama katikati ya Uwanja wa Umoja, mikono ameitupa mbele kama anayepiga mbizi, na njiwa wakitua mgongoni mwake bila adabu.

Basi asubuhi moja siri ikavuja. Wanawake wa Soko Kuu walikuwa wakimenya viazi, mara wakaanza kuimba kwamba Mtukufu anaogopa maji. Kwamba siku ile ya ukombozi alivushwa kwa mtumbwi, amefunikwa turubai, na njia nzima alikuwa akitapika. Kufikia adhuhuri wimbo ulikuwa na kibwagizo. Kufikia alasiri ulikuwa na ngoma yake na namna yake ya kuzungusha kiuno. Jioni serikali ikatangaza redioni kwamba hakuna wimbo wowote, na kwamba atakayeuimba atakamatwa.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na serikali ilitaka kuijua hiyo kata. Kazi ikakabidhiwa Wizara ya Maelewano, chini ya Mheshimiwa Dakta Kilindo, mtu wa sauti nene na subira nyembamba, aliyepata udaktari wake kwa kuutangaza. Naye akamwita Mtaalamu, kijana aliyerudi karibuni kutoka masomoni ng'ambo, ambaye alikuwa na tabia ya kutabasamu anapoona jambo gumu.

"Mheshimiwa, siri haipiti barabarani," Mtaalamu alieleza. "Mtu anaweza kumficha jirani, anaweza kumficha shehe na padri, lakini ampendaye atamwambia. Tukijua kila raia anampenda nani, tumeijua njia ya kila siri. Kila mtu tunamchora nukta. Wawili wakipendana, tunawaunganisha kwa mstari. Kisha tunatazama."

"Tunatazama nini?"

"Utando, Mheshimiwa."

Waziri alilipenda sana neno hilo, akalitumia siku nzima, hata kwa mpishi wake.

Kompyuta ya wizara ilikuwa ya kisasa kabisa. Ilitunzwa vizuri hivi kwamba haikuwahi hata kuwashwa. Ikaamuliwa kwamba utando huo uchorwe kwa rangi kwenye ukuta mrefu wa Uwanja wa Umoja, ili kila raia ajione na ajirekebishe. Akatafutwa mtu anayejua kuchora mistari mirefu bila kuchoka, na hapo ndipo hadithi yetu inapomkuta Mbaruku, na ingekuwa hiari yangu ningemwacha alipokuwa.

* * *

Mbaruku alikuwa mchoraji wa Idara ya Mito. Mito ya nchi ile ilikuwa imekauka yote zamani, lakini idara haikufungwa, maana kuifunga kungekuwa sawa na kukiri kwamba imekauka. Kwa hiyo kila mwaka Mbaruku aliipaka upya rangi ya buluu kwenye ramani, kona kwa kona, na kila mwaka alipongezwa kwa kuongezeka kwa maji. Alikuwa mrefu, mpole, wa umri ule ambao shangazi huacha kuuliza utaoa lini wakaanza kuuliza kama unaumwa.

Hakuwa anaumwa. Alikuwa anampenda Mize, fundi wa kushona pale Soko Kuu, aliyekaa kibanda cha mwisho karibu na wamenya viazi, yeye na mama yake na cherehani yao. Kila alasiri Mbaruku akitoka kazini alipita hapo akabisha hodi kwenye nguzo ya kibanda.

"Nani?" Mize angeuliza bila kuinua uso.

"Fundi wa mito."

"Maji umeleta?"

"Nimeleta buluu."

"Haya, kaa hapo na buluu yako."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao, na hawakuwahi kusalimiana kwa nyingine. Posa ilikuwa imekwishapelekwa na imekwishakubaliwa. Ndoa ilikuwa ifungwe mwezi wa mavuno, na Mize alikuwa ameanza kushona mapazia ya nyumba ambayo bado hawakuwa nayo.

Katika nchi ile mtu wa serikali kumwoa mtu wa soko lilikuwa jambo la nadra. Nyumba za serikali walipewa mume na mke walio wote serikalini, kwa hiyo watumishi wadogo walioana wao kwa wao, karani kwa mpiga chapa, dereva kwa mfagizi, ili wapate bati juu ya vichwa vyao. Mbaruku alikuwa mjinga kidogo kwa mambo ya nyumba. Aliingia sokoni siku moja kutiliwa kiraka kwenye suruali, na tangu hapo suruali zake zikawa zinachanika kila wiki.

* * *

Makarani walitumwa nyumba kwa nyumba na swali moja tu: unampenda nani? Wananchi wakatafakari. Swali la serikali wao hawakuwa wakilijibu kwa ukweli, walilijibu kwa usalama, na jibu la usalama lilikuwa moja. Nampenda Mtukufu. Bibi vizee walisema hivyo, askari walisema hivyo, bwana harusi na bibi harusi waliokutwa ukumbini walisema hivyo, kila mmoja kwa upande wake, wakiangaliana kwa kuombana radhi.

Mbaruku akachora alichopewa. Alipomaliza, ukuta mzima ulikuwa nukta moja kubwa katikati, na mistari yote ya nchi ikikimbilia hapo kama miiba ya nungunungu. Mtukufu aliletwa kuutazama, akatokwa na machozi ya furaha, akauliza kama inawezekana upakwe pia kwenye dari la chumba chake.

Mtaalamu peke yake ndiye hakufurahi. Alisogea karibu na Waziri akamnong'oneza kwamba kwa mujibu wa utando huu kila siri ya nchi lazima ipite kwenye nukta moja tu, na kwa hiyo mvujishaji ni...

"Nyamaza," Waziri alisema.

Usiku haukuingia kabla sheria haijatoka. Sheria ilisema kwamba wakubwa hawapendi wala hawapendwi, wakubwa wanaheshimiwa. Kuanzia Mtukufu hadi mkuu wa idara, kila mheshimiwa atachorwa nukta iliyosimama peke yake, bila mstari hata mmoja, na raia akiiona nukta ya namna hiyo ataisalimu. Msomaji asicheke. Hata kwetu mtu mwenye adabu haulizi mkubwa wake alilala wapi. Wale waliichukua adabu hiyo tu wakaipiga rangi ukutani.

Sheria iliongeza pia kwamba wadogo waseme kweli safari hii, maana mapenzi yasiyochorwa si mapenzi, na ndoa isiyo na mstari ukutani ni batili.

Basi Mbaruku akaupaka ukuta chokaa, akaanza upya. Kushoto alichora serikali na kulia alichora soko. Alipozifikia nukta za wakubwa mkono wake ulikuwa mzito, kwa sababu alijua alijualo kila mtu. Kila Alhamisi mchana gari la Dakta Kilindo liliegeshwa nyuma ya duka la Bi Nunuu muuza vitenge, limefunikwa turubai kwa ajili ya siri, na juu ya turubai imechomekwa bendera ya uwaziri kwa ajili ya heshima. Bi Nunuu akisikia jambo Alhamisi, wamenya viazi walilijua Ijumaa. Nusu ya wakubwa wengine nao walikuwa na maduka yao ya kuegesha. Lakini sheria ni sheria. Mbaruku akachora nukta ya Waziri, akaiacha imesimama peke yake, safi, kama ya mtawa.

* * *

"Na yetu?" Mize aliuliza.

Mbaruku alikuwa ameketi kwenye kigoda, mapaja yamejaa madoa ya rangi. Alisema labda wangoje kidogo, mambo yatulie.

"Mwaka wa ngapi huu unangoja mambo yatulie?" Mize aliizima cherehani. "Umewachora wafagizi, umemchora hadi kinyozi na yule mke wa mtu. Wanawake hapa kila siku wanapita ukutani wakirudi wananiambia, Mize, nukta yako tumeiona, imekaa pekee kama kuku mgonjwa. Mimi sijaiba mtu. Kama unanipenda, nichore."

"Bila mstari hatuoani," mama yake aliongeza kutoka nyuma ya pazia, ambako alikuwa amejifanya amelala. "Sheria imesema, mwanangu."

Ndipo Mbaruku akaona aibu ya kweli. Alikuwa ameogopa kwa mazoea tu, bila kujua anaogopa nini. Kesho yake asubuhi, mbele ya watu wote, alipanda ngazi akachora mstari kutoka nukta yake upande wa serikali hadi nukta ya Mize upande wa soko. Mistari mingine ilikuwa nyeusi na imenyooka, kama kanuni zilivyotaka. Wa kwake aliutia tone la buluu, na kwa kuwa maisha yake yote hakuwahi kuchora kitu cha kupendeza kisichokuwa mto, mkono ulimponyoka akaupinda, kona mbili tatu, polepole, mpaka ukafika. Wamenya viazi walipiga vigelegele. Mize alisimama chini ya ukuta na futi ya kupimia shingoni, akatazama, akasema tu, "Umepinda," lakini alilisema kwa namna ambayo Mbaruku hakuisahau tena. Siku hiyo alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote nchini, na nchini mle furaha ilikuwa haihitaji kibali bado.

* * *

Kamati ya Utando ilikutana hapo uwanjani, chini ya hema, viti vimeelekezwa ukutani. Mbaruku, akiwa mchoraji, alipewa fimbo ya kuonyeshea. Mtaalamu alitabasamu sana siku hiyo.

"Waheshimiwa, siri ilitoka upande wa kushoto, ikaonekana upande wa kulia. Swali ni moja. Ilivukia wapi? Nimechunguza nukta zote. Serikali imeungana na serikali. Soko limeungana na soko. Katikati kuna mstari mmoja. Mmoja tu, waheshimiwa! Sisi wataalamu tunauita daraja. Ukiuondoa huo, nchi inakuwa visiwa viwili, na siri haiwezi kuvuka hata ikiota mabawa. Bwana mchoraji, tuonyeshe."

Fimbo ya Mbaruku ikapanda yenyewe ukutani, ikagusa mstari wa buluu.

Makofi yakapigwa. Dakta Kilindo aliuliza gharama ya kuliondoa daraja hilo, akaambiwa ni kopo la chokaa na brashi iliyopo, akasema hajawahi kuona mradi wa maendeleo wenye tija kiasi hicho.

"Shikamoo, Mheshimiwa," Mbaruku alisema, kwa kuwa hakujua aanzie wapi.

"Marahaba. Sema."

"Mimi siri ile sikuijua. Niliisikia sokoni kwa Mize, nilipokwenda jioni. Imeshaimbwa tayari."

Mtaalamu aliruka kitini. "Mmesikia? Amekiri kwamba siri imepita kwenye mstari huu!"

"Ilitoka kule ikaja kwangu. Haikutoka kwangu kwenda kule."

"Mistari yetu haina kichwa wala mkia, Bwana Mbaruku," Mtaalamu alimwambia kwa upole kabisa. "Umeichora wewe mwenyewe. Unaona mshale wowote hapo?"

Hakukuwa na mshale. Mbaruku aliutazama ukuta, akazitazama zile nukta za wakubwa zilizosimama peke yake pande zote, kisha akamtazama Waziri. Alihisi maneno yamemjaa kifuani, na nusu ya watu waliokuwa uwanjani walikuwa na maneno hayo hayo vifuani mwao. Akafungua kinywa.

"Mheshimiwa, Alhamisi..."

Uwanja ukanyamaza. Hata njiwa wa sanamu waliacha kulia.

"Alhamisi kuna nini?" Dakta Kilindo aliuliza polepole.

"Alhamisi..."

"Unataka kusema ramani uliyoichora ina kasoro? Kwamba kuna mstari umeuficha kwa makusudi? Maana kuichora ramani ya taifa kwa uongo ni uhaini, na adhabu yake unaijua. Ninakuuliza tena, kwa nia njema. Alhamisi kuna nini?"

Mbaruku aliuona mtego ulivyojengwa, na akaona kwamba mjenzi wake ni yeye. Akisema mstari wa Waziri upo, yeye ndiye aliyeuacha. Akisema haupo, basi wa kwake ndio daraja. Alitafuta njia ya tatu, na njia ya tatu hakupewa.

"Alhamisi ni siku njema, Mheshimiwa," alisema.

"Kweli kabisa," Waziri alisema, na kikao kikafungwa kwa sala.

* * *

Sherehe ya Kufuta ilifanyika Alhamisi, asubuhi, ili Waziri apate mchana wake. Bendi ya polisi ilipiga tarumbeta. Dakta Kilindo alihutubia kwa muda mrefu. Alisema kwamba mapenzi ni rasilimali ya taifa kama madini, na kwamba raia mzalendo hatumii rasilimali hovyo. Alisema pia kwamba taifa lilimwonea huruma Bwana Mbaruku, na akamtaka Bwana Mbaruku alishukuru taifa. Mbaruku alishukuru. Kisha akapanda ngazi na kopo la chokaa.

Mize alikuwa miongoni mwa watu. Hakulia, alikuwa amekunja mikono kama mteja anayengoja nguo iliyocheleweshwa. Mbaruku alianzia upande wa soko, ili brashi isimalizie kwenye nukta ya Mize. Buluu ilikuwa kaidi, ikawa inatokeza chini ya chokaa, na ofisa aliyesimama chini akawa anaita, "Bado! Bado unaonekana!" Ikabidi arudie, na arudie tena, bendi ikirudia wimbo ule ule kwa kukosa mwingine.

Kuanzia hapo walikatazwa kusalimiana, kupeana kitu, na kusimama upande mmoja wa barabara. Wote wawili walitii. Natamani ningemwambia msomaji kwamba walitoroka, au walipeana ishara kwa vitambaa, lakini walitii, kwa sababu mama alikuwa na kibanda kimoja na Mbaruku alikuwa na shingo moja. Alasiri alizunguka njia ya mbali kwenda kwake. Suruali zake zikaacha kuchanika.

Ijumaa ya wiki ya pili, wamenya viazi walikuwa na wimbo mpya. Huu ulisema kwamba Mtukufu haogi kwa maji ya kumwagwa, hupanguswa kwa kitambaa kibichi, huku mlinzi amemshika mkono akimwambia, "Vumilia baba, tunamaliza." Wimbo huu ulikuwa mtamu kuliko wa kwanza, na hata baadhi ya askari waliotumwa kuukamata walirudi wakiuvumisha kwa pua.

Lisemwalo lipo, na katika nchi yoyote nyingine watu wangesema basi daraja halikuwa lile. Kamati haikusema hivyo. Mtaalamu alifikiri siku nzima, akarudi ametabasamu.

"Ramani haikosei," alisema. "Siri imevuka. Haiwezi kuvuka pasipo mstari. Kwa hiyo mstari bado upo."

"Lakini hawajaonana," alisema mjumbe mmoja, mzee wa karibu na kustaafu. "Tumeweka watu wanawaangalia. Hata kukohoa hawakohoi pamoja."

"Ndiyo maana hatuuoni, Mheshimiwa. Umeingia ndani."

Ofisa akatumwa ukutani kuthibitisha. Akarudi na habari kwamba jua likipiga vizuri, buluu bado inaonekana kidogo chini ya chokaa. Kamati ikashtuka kwa pamoja. Hapo ndipo Mtaalamu alipotoa dawa yake: nukta iliyo wazi hutafuta, lakini nukta iliyoshikwa haitafuti. Mize apewe mstari mwingine, imara, wenye mhuri, na apewe mtu aliye mbali kabisa na serikali. Wakaitazama ramani kumtafuta aliye mbali kabisa, wakamkuta Bwana Jabu muuza mkaa, mgane, ambaye nukta yake ilikuwa pembeni kabisa kulia, chini, karibu na majani. Iliwekwa hapo kwa sababu siku ile Mbaruku alikuwa amechoka kupanda ngazi.

* * *

Bwana Jabu mwenyewe alikuja kwa Mbaruku, mchana kweupe, kofia mkononi. Alikuwa mtu mwema, kucha nyeusi kwa mkaa, na hakujua aiweke wapi mikono yake.

"Ndugu yangu, mimi sikuomba," alisema. "Niliwaambia nimezeeka. Wakaniuliza kama ninaipinga ramani."

"Najua, Bwana Jabu."

"Nitamtunza. Sijui niseme nini kingine."

Mbaruku alimkaribisha chai, wakainywa wote wawili, na kila mmoja alimhurumia mwenzake kwa dhati bila kumfaa kitu.

Mize alikuja siku iliyofuata. Hakwenda kwake; alikwenda ukutani, ambako kila raia alikuwa na haki ya kwenda kujitazama. Mbaruku alikuwa juu ya ngazi akikazia rangi nukta za wakubwa. Mize alisimama chini, uso kwenye ukuta, kama mtu anayejitafuta. Askari alikuwa kivulini akila muhogo.

"Wamekuja kwa mama," Mize alisema bila kuinua kichwa. "Nikikataa nukta yake wanaipaka nyekundu. Akipakwa nyekundu hakuna wa kumuuzia hata chumvi, na kibanda wanachukua."

Mbaruku alishuka hatua moja ya ngazi akasimama.

"Sema neno, Mbaruku."

Alilitafuta. Alilitafuta kwa haki ya Mungu. "Tukimbie," alisema hatimaye.

"Na mama nimwachie nani?"

Alitamani awe na hasira, lakini hata hasira hakuiona mahali pa kuielekeza, maana kila aliyemfikiria alikuwa ametii kama yeye. Wasiotii walikuwa wakubwa, nao hawakuwa na mistari ya kuwafikia. Rangi ilimdondoka kwenye brashi ikaanguka karibu na mguu wa Mize, naye hakuusogeza.

"Huo mstari wangu na Bwana Jabu, ni wewe utakaouchora?"

"Hakuna mwingine."

"Basi usiupinde," Mize alisema. "Uchore kwa rula."

Akaondoka. Aliuchora kwa rula. Kamati iliusifu sana mstari huo, ikasema ndio ulionyooka kuliko yote ukutani, na ikapendekeza wachoraji wa mikoani waje kujifunza kwake.

* * *

Sasa ikawa hivi. Nukta ya Mbaruku ilibaki upande wa serikali, haina mstari hata mmoja. Watu waliokuja uwanjani kujitazama wakaiona. Wakakumbuka sheria, kwamba nukta iliyosimama peke yake upande huo ni ya mheshimiwa, na raia akiiona ataisalimu. Wakaisalimu. Kesho yake mwanamke mmoja alimkuta Mbaruku mwenyewe njiani, akapiga goti vumbini na kumwomba amtafutie mwanawe kazi bandarini.

"Mama, simama. Mimi ni mchoraji tu."

"Ndivyo mnavyosema nyote, baba," mama yule alijibu, akaongeza goti la pili.

Wizara ilikasirika, ikakaa kikao. Lakini kufafanua kwamba nukta pekee si lazima iwe ya mkubwa kungewafanya wananchi wajiulize juu ya nukta nyingine zilizo pekee, na nani ajuaye wangeishia wapi. Ilionekana nafuu kumfanya Mbaruku mheshimiwa. Akapewa kiti chenye mikono, mlinzi, na cheo cha Mkurugenzi wa Mito. Akawekwa barazani kwenye ofisi inayotazama uwanja, na kila apitaye alitakiwa kusimama na kumwamkia. Alijaribu kukataa. Akaulizwa kama anaipinga ramani.

Gari la Alhamisi liliendelea kuegeshwa nyuma ya duka la Bi Nunuu, turubai juu na bendera juu ya turubai. Nyimbo ziliendelea kutoka Ijumaa. Kamati iliendelea kutafuta madaraja, ikipata moja baada ya jingine, na kila mara nukta mbili zilibaki wazi, zikawa waheshimiwa wapya. Kufikia mwezi wa mavuno nchi ilikuwa na waheshimiwa wengi kuliko viti.

Mwezi huo huo wa mavuno, alasiri, Bwana Jabu na mkewe walipita uwanjani wakitoka kupima uzito wa gunia. Mize alikuwa amebeba kitambaa kilichokunjwa kwapani, cha rangi ya mapazia yale. Mbaruku aliwaona wanakuja tangu mbali. Alikishika kiti kwa mikono miwili, akaomba Mungu wapite upande wa pili wa sanamu, lakini upande wa pili ulikuwa umefungwa kwa matengenezo ya njiwa.

"Nyie! Simameni," mlinzi alifoka. "Hamumwoni Mheshimiwa?"

Bwana Jabu alivua kofia haraka akaamkia, macho chini. Mize hakuamkia. Alimtazama Mbaruku, kiti chake, viatu vyake vipya, na vidole vyake ambavyo havikuwa na rangi tena. Kwa muda mfupi Mbaruku alidhani atamuuliza kama maji kaleta. Alikwishafungua kinywa kumjibu.

"Wewe mwanamke!" mlinzi alisema.

Mize akainama kidogo, kama inavyotakiwa.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

Mlinzi alikuwa anasubiri, Bwana Jabu alikuwa anasubiri, na ukuta mzima ulikuwa nyuma yao. Salamu hiyo ina jibu moja tu.

"Marahaba," Mbaruku alisema.